Machozi ya miti yanayotunza siri za maabara

Na MWANDISHI WETU

KARATASI ya gazeti iliyofungiwa mandazi moto ina somo zima la sayansi ndani yake. Ukimaliza kula usiitupe kwanza. Inyanyue mbele ya dirisha uitazame. Pale mafuta yalipolowa mwanga unapenya, na hata maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Pale palipobaki pakavu huoni kitu.

Karatasi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mafuta yamefukuza hewa iliyokuwa imejificha katikati ya nyuzi za karatasi. Mwanga unapotoka hewani na kuingia kwenye unyuzi, kisha ukatoka tena hewani, hupinda na kutawanyika kila upande. Ndiyo sababu karatasi kavu huonekana nyeupe na haipitishi mwanga vizuri. Mafuta yakishika nafasi ya hewa, mwanga haukutani tena na vizuizi vingi njiani.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo humwezesha daktari kuziona seli za saratani ndani ya kinofu kilichokatwa mwilini mwa mgonjwa. Na kwa zaidi ya miaka 100, kitu kilichofanya kazi ya yale mafuta ya mandazi katika maabara nyingi za ulimwengu hakikutengenezwa kiwandani. Kilichuruzika kutoka kwenye magamba ya miti.

SLAIDI YA MUDA NA YA KUDUMU

Mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyewahi kubandua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaitandaza juu ya slaidi, akadondoshea tone la maji au iodini na kuifunika kwa kijioo chembamba, tayari ameonja kazi hii. Chini ya hadubini seli hujipanga kama matofali ya ukuta. Lakini akiiacha slaidi hiyo mezani na kuirudia kesho yake, atakuta maji yamekauka, kitunguu kimejikunja na picha imeharibika. Hiyo ni slaidi ya muda.

Hospitali haiwezi kutegemea slaidi ya namna hiyo. Mama aliyekatwa kinofu cha uvimbe wa titi mwaka huu huenda akarudi baada ya miaka mitano na uvimbe mwingine, na daktari atataka kulinganisha wa sasa na wa zamani. Huenda pia mgonjwa akataka maoni ya daktari wa pili. Slaidi yake sharti iwe bado ipo, na iwe bado inasomeka.

Ili kufikia hapo, kinofu hupitia safari ndefu. Kwanza huwekwa katika formalini kisioze. Kisha hupitishwa katika alkoholi, kuanzia iliyochanganywa na maji hadi ile isiyo na maji kabisa, ili maji yote yatoke kidogo kidogo. Baadaye huingizwa katika kemikali iitwayo zailini, halafu katika nta iliyoyeyushwa. Nta ikiganda, mtambo wenye wembe mkali hukikata vipande vya unene wa sehemu tatu hadi tano tu za elfu za milimita.

Kipande chembamba kiasi hicho hakina rangi ya kutosha kuonekana, hivyo hutiwa rangi. Na hapo ndipo mti wa kwanza unapojitokeza. Hematoksilini, ambayo ikiandaliwa huipa kiini cha seli rangi ya samawati au zambarau, hupatikana katika moyo wa mti uitwao Haematoxylum campechianum, ambao asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Zamani mti huo ulitafutwa sana kwa ajili ya kutia nguo rangi.

Mwisho kabisa, fundi wa maabara hudondosha tone la kitu kinachonata, akakifunika kipande hicho kwa kijioo chembamba. Tone hilo ndilo kiini cha makala haya. Ni lazima liwe angavu, liwe na uwezo wa kukauka bila kupasuka, lisile rangi, na zaidi ya yote, lipinde mwanga karibu sawasawa na kioo.

Wataalamu hupima uwezo huo wa kupinda mwanga kwa nambari. Hewa ni 1.00, maji ni 1.33 na kioo cha kawaida ni kama 1.52. Utomvu wa mti mmoja wa nchi za baridi, ukikauka, hufika kama 1.53 au 1.54. Kwa hiyo mwanga unapotoka kwenye kioo cha chini, ukapita ndani ya utomvu na kinofu, kisha ukaingia kioo cha juu, huwa kama unaosafiri katika kioo kimoja tu.

MALENGELENGE YA MTI

Mti huo ni Abies balsamea, jamaa wa misonobari, unaoota mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani. Utomvu wake huitwa balsamu ya Kanada. Gamba la mti huu likiwa changa huwa na uvimbe mdogo mdogo, mithili ya malengelenge ya mtu aliyeungua. Mkusanyaji huyatoboa kwa ncha ya mkebe wenye mdomo mwembamba, na utomvu mzito wenye rangi ya manjano hafifu humwagikia ndani. Ni kazi ya kwenda lengelenge kwa lengelenge, tone kwa tone.

Kabla ya utomvu huo kuingia maabara, watu walihifadhi vitu vyao vikiwa vikavu. Katika karne ya 18 vipande vya wadudu na mimea vilibanwa katikati ya vijiwe vyembamba vya ulanga, vikashikizwa kwenye matundu ya vibao vya pembe za ndovu. Hewa ilibaki ndani, na picha haikuwa safi.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1830, mafundi wa hadubini wa Uingereza walipoanza kutumia balsamu ya Kanada. Mwaka 1839 chama cha wapenzi wa hadubini kiliundwa London, na slaidi ya inchi tatu kwa inchi moja ikaanza kuwa kipimo cha kawaida. Kipimo hicho, kwa tofauti ndogo tu, ndicho kilichomo katika maabara za shule zetu hadi leo.

Utomvu huo haukuishia kwa madaktari. Mwaka 1828, huko Edinburgh, William Nicol alikuwa ameutumia kugandisha vipande viwili vya jiwe angavu la kalisaiti na kupata kifaa cha kuchuja mwanga. Kifaa hicho kiliwasaidia wataalamu wa mawe kusoma miamba iliyosagwa hadi kuwa myembamba kama karatasi. Nao watengenezaji wa kamera na darubini waliutumia kwa miaka mingi kuunganisha lenzi, hadi gundi za viwandani zilipouondoa katika kazi hiyo.

GUNDI SI UTOMVU

Katika mazungumzo ya kawaida huwa tunaita kila kinachonata mtini gundi, utomvu au ulimbo bila kujali. Maabara haiwezi kufanya hivyo, kwani kosa moja huharibu kazi ya juma zima.

Gundi ya kweli ni jamaa ya sukari. Ukiitia katika maji huyeyuka. Utomvu wa aina ya balsamu ni jamaa ya mafuta. Hauyeyuki majini hata ukikoroga kutwa, bali huyeyuka katika zailini au tapentaini. Ubani na manemane, ambavyo kina mama wengi huvijua kwa mafusho, vina yote mawili. Ukiloweka punje ya ubani majini, sehemu yake huyeyuka na kuyageuza maji kuwa meupe kama maziwa, nayo sehemu nyingine hukataa katakata.

Kwa sababu hiyo, anayetumia balsamu lazima ahakikishe hakuna hata chembe ya maji iliyobaki. Maji yakibaki, slaidi hufunikwa na ukungu mweupe, na hakuna la kufanya ila kurudi nyuma na kukausha upya. Anayetumia gundi hana shida hiyo. Anaweza kumtoa mdudu mbichi majini na kumzamisha moja kwa moja.

Basi kila kundi likapata wafuasi wake. Madaktari walishika balsamu. Wanaochunguza kupe wadogo, utitiri, visubi na kuvumwani walipenda gundi. Mwaka 1882, mtaalamu wa Warsaw aitwaye Hoyer alitoa mchanganyiko wa gundi ambao bado unatajwa kwa jina lake. Faida yake ni kwamba humfanya mdudu awe angavu, miguu na vinyweleo vyake vikahesabika. Hasara yake ni kwamba baada ya miaka hupasuka au kuota fuwele, hasa pale joto na unyevu vinapobadilika mara kwa mara.

Hilo si jambo dogo. Mtaalamu anapompa mdudu mpya jina, kuna kielelezo kimoja ambacho huwekwa kuwa shahidi wa jina hilo milele. Kwa wadudu wadogo sana, shahidi huyo yuko juu ya slaidi. Kikioza ndani ya gundi iliyopasuka, hakuna anayeweza kurudi kuuliza kama mdudu aliyemkamata leo ni yule yule au ni mwingine.

MCHANGO WA KASKAZINI MWA KENYA

Gundi inayozungumziwa hapa hujulikana ulimwenguni kama gundi ya Kiarabu, lakini nyingi yake ni ya Afrika. Hutoka kwa mgunga uitwao Senegalia senegal. Vitabu vya zamani huuita Acacia senegal. Jina lilibadilika baada ya wataalamu wa mimea, katika mikutano yao ya Vienna mwaka 2005 na Melbourne mwaka 2011, kuamua kwamba jina Acacia libaki kwa miti ya Australia. Migunga ya Afrika ikagawanywa katika majina mengine.

Sudan ndiyo inayoongoza ulimwenguni kwa gundi hii. Huko wakulima huuchubua mti kwa makusudi msimu wa mvua unapokwisha, na baada ya majuma machache matone makubwa yenye rangi ya asali hujitokeza kwenye jeraha. Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 1997, Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya biashara lakini ikaiacha gundi ipite. Viwanda vya soda na peremende havikuweza kuikosa. Vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 vimeivuruga biashara hiyo.

Hapa Kenya mgunga huu unaota Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit, Wajir, Mandera, Garissa na Baringo. Kwa kawaida hauchubuliwi. Wafugaji, wengi wao wanawake na watoto walio malishoni na mbuzi, huokota matone yaliyotoka yenyewe kwenye nyufa za gamba au pale wadudu walipotoboa. Watoto huyatafuna pia njaa inapouma. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI) imefanya utafiti juu ya gundi na tomvu hizi.

Ni kweli kwamba maabara hutumia kiasi kidogo mno ikilinganishwa na viwanda. Gundi nyingi huishia katika vinywaji, peremende, vidonge vya dawa na wino, na ndiyo uliyoilamba nyuma ya stempu za zamani. Hata hivyo mti ni ule ule, na adui yake ni yule yule. Mgunga uliokatwa kwa makaa huuzwa mara moja tu. Uliosimama humpa mwenyewe kitu cha kuokota kila kiangazi, huwalisha mbuzi kwa majani na maganda yake, na mizizi yake huurutubisha udongo. Shida ni kwamba mwokotaji huwa mbali na soko, na bei hupangwa na mabroka wanaofika na malori. Gunia la makaa huwa na mnunuzi karibu na barabara.

SANDARUSI YA MRIMA

Pwani nayo ina historia yake. Mti wa msandarusi, unaojulikana kwa wataalamu kama Hymenaea verrucosa, hutoa utomvu mgumu uitwao sandarusi. Katika karne ya 19 sandarusi iliyofukuliwa ardhini katika pwani ya Mrima, mkabala na Unguja, ilisafirishwa hadi Salem nchini Marekani na hadi Ulaya kutengenezea vanishi ya magari ya farasi. Iliyo changa, iliyotolewa mtini, wafanyabiashara wa pwani waliiita chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Waingereza, masikio yao yakiwa hayajazoea, waligeuza chakazi kuwa neno la kwao lenye maana ya punda dume.

Sandarusi haikupata umaarufu wa kufunga slaidi, lakini ilikuwa ikifanya kazi hiyo kabla ya maabara yoyote kujengwa. Vipande vingi vilikutwa na nyuki, mchwa na siafu ndani, mabawa na miguu vikiwa kamili. Mdudu alinaswa mtini, utomvu ukamfunika, ukakauka. Vipande hivyo vimo katika majumba ya makumbusho hadi leo. Havina umri wa mamilioni ya miaka kama kaharabu, lakini vinawaonyesha watafiti wadudu walioishi katika misitu ambayo mingi imekwisha kukatwa.

Jina lenyewe limesafiri pia. Kaskazini mwa Afrika, hasa Morocco, kuna mti mwingine kabisa, Tetraclinis articulata, ambao utomvu wake Waarabu waliuita sandarusi. Huo ndio uliotumiwa mwaka 1906 na Mbelgiji Gilson kutengeneza dawa ya slaidi iitwayo Euparal, ambayo wataalamu wa mbu na nondo wanaipenda hadi sasa. Nako Malaysia na Indonesia kuna utomvu wa damari, ambao pia ulitumiwa na mafundi wa slaidi.

MGONJWA WA FRANKFURT

Je, kazi yote hii ina faida gani kwa familia ya kawaida? Jibu moja limo katika kisa cha mwanamke Mjerumani aliyeitwa Auguste Deter.

Mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 51, alilazwa katika hospitali ya Frankfurt. Alikuwa amesahau mambo mengi, akimshuku mumewe na kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Daktari Alois Alzheimer alimhoji na kuandika majibu yake. Mwanamke huyo alifariki Aprili 1906. Ubongo wake ulipelekwa Munich, alikokuwa Alzheimer wakati huo. Ukakatwa vipande vyembamba, ukatiwa rangi na kuwekwa katika slaidi. Daktari aliona mabaka katikati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake, na mnamo Novemba mwaka huo akaeleza habari hizo mbele ya madaktari wenzake huko Tübingen.

Ugonjwa ukapewa jina lake. Lakini miaka ilipopita kulizuka mjadala. Je, kweli Auguste alikuwa na ugonjwa ambao leo tunauita Alzheimer, au ulikuwa mwingine?

Faili lake lilipatikana Frankfurt mwaka 1995. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walizikuta slaidi zake Munich, zaidi ya 200. Zilitengenezwa enzi ambayo dawa za slaidi za plastiki hazikuwapo, na tomvu za miti ndizo zilizotawala. Baada ya miaka 90, baada ya vita vikuu viwili, waliziweka chini ya hadubini na kuyaona yale yale aliyoyaona Alzheimer. Mabaka yalikuwepo. Nyuzi zilikuwepo. Mjadala ukapata shahidi.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wake. Katika jamii nyingi mzee anayesahau njia ya kurudi nyumbani, au anayewaita wanawe kwa majina ya ndugu zake waliofariki, bado husemekana amerogwa, na wakati mwingine yeye mwenyewe huitwa mchawi. Slaidi za Auguste zinaonyesha bila maneno mengi kwamba ugonjwa huu unakaa katika ubongo, na unaonekana. Mzee huyo anahitaji daktari na subira ya jamaa zake.

LEO NA KESHO

Mwaka 1939 watafiti Kirkpatrick na Lendrum walileta dawa ya plastiki iitwayo DPX. Hukauka upesi, haigeuki manjano kama balsamu, na rangi hazififii haraka ndani yake. Hospitali nyingi sasa hutumia DPX au ndugu zake. Balsamu, kwa upande wake, huchukua majuma au hata miezi kukauka barabara, na ikizeeka huwa na asidi inayokula baadhi ya rangi.

Pamoja na hayo bado ina watetezi. Wanasema imejaribiwa kwa zaidi ya miaka 150 ilhali nyingi za plastiki ni changa. Tena slaidi ya balsamu ikiharibika inaweza kulowekwa katika zailini, kijioo kikabanduka, na mdudu akatolewa na kufungwa upya.

Mwanafunzi anayetaka kujaribu anaweza kuanza na mchanganyiko wa gundi uliotolewa na mtaalamu Apáthy mwaka 1892. Chukua gundi ya Kiarabu safi, sukari nyeupe na maji yaliyochemshwa, uzito sawa wa kila kimoja. Saga gundi, changanya, weka chombo ndani ya sufuria ya maji moto hadi yote iyeyuke, kisha chuja kwa kitambaa safi. Maabara huongeza chembe ya thimoli ili kuzuia kuvu; nyumbani tengeneza kidogo tu, kitakachotumika ndani ya siku chache. Weka bawa la nzi au ngozi ya kitunguu, dondosha tone, shusha kijioo kwa upande mmoja kwanza ili hewa itoke, na uache kwa siku kadhaa mahali pasipo na vumbi. Zailini usiiguse nyumbani. Mvuke wake ni sumu na hushika moto upesi. Hiyo ni kazi ya maabara yenye hewa ya kutosha na mwalimu aliye karibu.

Slaidi ikikauka, bandika karatasi ndogo pembeni na uandike ni kitu gani, kilipatikana wapi na tarehe gani. Slaidi za Auguste zilitambuliwa kwa sababu mtu fulani, zaidi ya miaka 90 kabla, hakuona uvivu kuandika.